TRENI IMETUFIKISHA BAHARINI, ILA ZANZIBAR BADO KUNA NG'AMBO

Mbukwenyi wadau! Kwa msiotoka huku kwetu, hiyo ni salamu ya Kigogo. Ukiweza kuiitikia umeshafika Dodoma bila nauli.

Leo sitaongelea Bunge wala nani kateuliwa. Nataka tuongee safari. Najua wengi mnasoma hapa mmekaa kafe na dakika zinahesabiwa, kwa hiyo hoja naitoa mapema kabisa, atakayeishiwa muda aondoke nayo.

Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, kijana wa Ipagala anaweza kuamka kwao na akalala Zanzibar siku hiyo hiyo. Hilo si jambo dogo. Lakini Mji Mkongwe, ule ambao dunia nzima inaujia, zamani ulitenganishwa na watu wa kawaida kwa maji ya bahari. Maji yale yalishafukiwa. Kitu ambacho mpaka leo kinavuka kwa shida ni pesa ya mgeni. Na mimi nasema atakayeivusha ni mgeni wa ndani, sisi akina pangu pakavu, ikiwa wakubwa wataacha kutuona abiria tu na kuanza kutuona wageni.

Haya, twende taratibu.

KUTOKA IPAGALA MPAKA KWENYE MAJI

Zamani ukitoka Dodoma kwenda Dar ni basi, na siku nzima imekwenda. Unapanda alfajiri, unakula chipsi Morogoro, halafu foleni ya Kibaha na Kimara inakumalizia nguvu zilizobaki. Boti za Zanzibar unazisikia tu, maana ya mwisho huondoka alasiri na wewe bado uko barabarani. Lazima ulale Dar. Kulala Dar ni gesti, ni chakula, ni nauli za ndani ya mji. Ndo maana vijana wengi wa huku bara ya kati wakiiona bahari wanaiona Coco Beach, wanapiga picha, wanageuza.

Jiwe la msingi la reli mpya liliwekwa mwaka 2017. Abiria wakaanza kusafiri kati ya Dar na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, treni ikafika Dodoma tarehe 25 Julai 2024, na Rais Samia akaizindua rasmi tarehe 1 Agosti 2024. Nauli iliyotangazwa na LATRA mwaka huo kwa treni ya kawaida ilikuwa shilingi 31,000 Dar hadi Dodoma. Mwendo unafika kilomita 160 kwa saa. Safari ambayo ilikuwa ya kutwa imekuwa ya saa tatu na nusu mpaka nne hivi.

Sasa piga hesabu. Ukiondoka Dodoma na treni ya asubuhi, mchana uko Dar, boti ya alasiri unaiwahi, magharibi inakukuta Zanzibar. Hakuna kulala Dar. Kwa mtu mwenye mshiko hii ni starehe, lakini kwa mtu ambaye amechanga miezi sita, gesti moja ya Dar iliyookolewa ndiyo inayoamua kama safari ipo au haipo.

Naomba niseme kitu ambacho kingenisaidia kama ningeambiwa kabla. Stesheni ya SGR ya Dar iko palepale mjini, jirani na stesheni ya zamani ya reli. Bandari ya boti za Zanzibar iko Barabara ya Sokoine, mbele ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Si mbali. Kama huna mizigo ni mwendo wa dakika ishirini hivi kwa miguu, na mnara wa kanisa utakuongoza.

Mimi sikujua. Nilishuka na begi langu, nikamwambia jamaa wa bajaji, "Kaka, nipeleke feri." Akanipeleka feri kweli, Magogoni, kwenye pantoni la Kigamboni! Kumbe kwa watu wa Dar feri ni kule. Ukitaka Zanzibar unasema "boti za Zanzibar". Kurudi nikalipa mara ya pili. Halafu nikiwa nakimbilia dirisha la tiketi, kijana mmoja mchangamfu akanidaka njiani, "Bro, dirishani kumejaa, nipe mimi nikukatie fasta." Nikampa. Tiketi nilipata, lakini bei iliyoandikwa na pesa niliyotoa hazikufanana hata kidogo. Kufika dirishani, watu watatu tu. Kha! Ushamba una gharama yake.

Kwa hiyo mdau: tiketi ya boti kata dirishani au kwa simu yako, na kitambulisho uwe nacho. Cha taifa au namba yake, cha mpiga kura, leseni, chochote kinachotambulika. Sisi Watanzania hatuhitaji pasi ya kusafiria kwenda Zanzibar, lakini jina lazima liandikwe. Na lina sababu ya kuandikwa. Nakuja hapo sasa hivi.

BAHARI SIO BASI

Sisi watu wa Dodoma tumezaliwa kwenye ukame. Maji mengi tuliyozoea ni ya bwawa, na lenyewe likikauka tunapita kwa miguu. Ukipanda boti mara ya kwanza unaweza kudhani ni basi lenye kiyoyozi. Sio.

Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, ikaua mamia ya watu. Ilikuwa imepakia kupita uwezo wake. Hata mwaka haujaisha, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikazama ikitoka Dar kwenda Zanzibar, njia hiyohiyo tunayoizungumzia, karibu na kisiwa cha Chumbe. Watu wengi tena. Waziri wa Zanzibar aliyehusika na mambo ya usafiri alijiuzulu.

Silengi kumtisha mtu. Boti za siku hizi zinazokwenda Unguja ni za kasi, kama saa mbili hivi umefika. Nasema ili ujue kwa nini orodha ya majina ni muhimu. Palipotokea ajali kubwa swali la kwanza huwa "walikuwemo wangapi?", na pasipo orodha ya kweli, ndugu za watu wanabaki wanatafutana hospitali na ufukweni. Kwa hiyo ukiambiwa boti imejaa, subiri nyingine. Ukiambiwa safari imeahirishwa kwa upepo, usigombane na mtu wa dirishani. Miezi ya kusi, kuanzia Juni kwenda Septemba, bahari huchafuka zaidi. Kula kidogo kabla ya kupanda, kaa nyuma na chini, angalia nje mbali. Mimi nilikaa mbele juu nipate picha nzuri. Picha nilizipata, na chakula cha mchana kilirudi pia, teh teh.

MJI ULIOKUWA UMEZUNGUKWA NA MAJI

Sasa tumefika. Hapa ndipo hoja yenyewe ilipo.

Ukitoka bandarini Malindi unaingia Mji Mkongwe. Ukiupita kwenda mashariki unakuta barabara kubwa, Barabara ya Benjamin Mkapa. Wazee bado wanaiita kwa jina la Kiingereza, Creek Road. Pembeni yake kuna soko la Darajani. Na upande wa pili wote wa barabara, kule wanakoishi watu wengi zaidi, panaitwa Ng'ambo.

Mimi nikawa najiuliza. Darajani, daraja liko wapi? Ng'ambo, ng'ambo ya nini? Mbona mto sioni?

Nilimuuliza mzee mmoja pale kwenye kahawa. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, umetoka wapi?" Nikamwambia Dodoma. Akacheka, "Umeacha vumbi umefuata chumvi." Kisha akanionyesha barabara kwa kikombe. "Hapo unapoona magari, yalikuwa maji."

Ndivyo ilivyokuwa. Mji Mkongwe ulikuwa rasi, karibu kisiwa. Mkono wa bahari, wenyewe wa pwani wanaita hori, uliingia ndani ukaukata mji na nchi kavu. Maji yakijaa unauvuka kwa daraja, na jina Darajani limebaki hapo. Karne ya 20 hori likafukiwa kidogo kidogo, na kufikia miaka ya 1950 lilikuwa limekwisha. Sehemu ya viwanja vya Mnazi Mmoja ni ardhi iliyopatikana kwa kufukia vilevile.

Lakini hori halikuwa maji tu. Upande wa bahari zilijengwa nyumba za mawe na matumbawe, za masultani, wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Kihindi, na balozi za Wazungu. Upande wa pili walikaa Waswahili, watumwa walioachwa huru, wachukuzi, mafundi, wavuvi, kwenye nyumba za miti na udongo. Waingereza walipotawala wakaufanya mpaka ule kuwa sheria ya mipango miji: upande huu nyumba za mawe, upande ule nyumba za "wenyeji". Maana yake neno ng'ambo halikutungwa na mtu wa ng'ambo. Lilitungwa na mtu aliyesimama upande wa mawe akinyoosha kidole.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ya Karume ilitaka kuugeuza mzani. Yale majumba marefu ya Michenzani unayoyaona hapo Ng'ambo yalijengwa ili mtu wa kawaida naye akae nyumba ya kisasa, na wataalamu wa Ujerumani Mashariki walisaidia mipango yake. Ukiyapenda usiyapende, lile lilikuwa jibu kwa hori.

MJI WA MIGUU

Mji Mkongwe wenyewe ni mtamu, nisiwe mwongo. UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Na siri yake ya kutembelea ni moja: miguu. Vichochoro ni vyembamba, gari haliingii sehemu nyingi, pikipiki na vespa zinapita zikipiga honi unajibana ukutani. Dereva atakayekwambia anakuzungusha Mji Mkongwe kwa teksi anakuzungusha nje yake tu.

Usiogope kupotea. Kila mtu anapotea. Mji una pembe tatu, bahari pande mbili na Barabara ya Mkapa upande wa tatu. Kwa hiyo shika uelekeo mmoja usigeuze, utatokea ama kwenye maji ama kwenye magari. Ukitokea kwenye maji uko Shangani, Forodhani au Malindi. Ukitokea kwenye magari uko karibu na Darajani.

Kwa asiye na pesa nyingi kuna mengi ya kuona. Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya Wareno kuondolewa, niliingia uani bila kulipa. Beit el Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, utaliona kwa nje. Sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 wakati wa ukarabati, na watu wawili walifariki. Mkunazini kuna Kanisa Kuu la Waanglikana lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Pale lipia uingie, na uliza kwanza bei ya raia. Mtu wa Dodoma ana sababu yake ya kufika pale, maana njia ya misafara ya kutoka Tabora na Ujiji kwenda pwani ilipita Ugogo kwetu. Waliouzwa Mkunazini wengine walipita kwenye vumbi hili tunalolikanyaga.

Jioni ni Forodhani, bustani iliyokarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2009. Uliza bei kabla hujaonyesha kwa kidole, maana pweza akishawekwa kwenye sahani ni wako. Urojo kula mitaani, sio pale. Na vaa vizuri, ule ni mji wa watu wa dini, watu wanaishi mle, sio jumba la maonyesho. Mwezi wa Ramadhani usile hadharani mchana.

Kuna jambo moja lilinichekesha na kuniuma kwa pamoja. Vijana wanaowinda wageni, wenyewe wanaitwa papasi, walinifuata bandarini. Wa kwanza akaniambia "Jambo! Karibu Zanzibar, hakuna matata!" Mimi Mgogo wa Ipagala, naambiwa jambo! Nikamjibu, "Kaka, mimi Mbongo mwenzako." Palepale uso ukabadilika, akaniacha akamkimbilia Mzungu. Hakunitukana, hakunifanyia ubaya wowote. Ila alishanipima: huyu sio mgeni, huyu hana kitu.

PESA YA MGENI INAISHIA WAPI?

Yule papasi simlaumu, anafuata hesabu za nchi. Zanzibar ilipokea zaidi ya wageni 600,000 kutoka nje mwaka 2023, na zaidi ya 700,000 mwaka 2024. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kila mgeni wa kutoka nje anatakiwa kukata bima ya lazima ya dola 44 kwenye shirika la bima la Zanzibar. Mtanzania hakati. Kwenye boti nauli ya mgeni ni kubwa kuliko yetu. Kwa hiyo kwa karatasi, mimi na wewe hatuna faida.

Lakini tuifuate dola yenyewe inavyotembea. Mgeni anatua uwanja wa ndege, anachukuliwa na gari la hoteli, anapelekwa Nungwi au Paje. Siku moja analetwa Mji Mkongwe, anazungushwa na kiongozi saa tatu, anakula mgahawa wa ghorofani unaotazama bahari, ananunua kanga, anarudishwa. Barabara ya Mkapa anaiona kupitia dirishani. Darajani atafika kupiga picha ya samaki na viungo. Akivuka barabara ni kwa bahati mbaya. Ramani yake inaishia palepale hori lilipokuwa.

Sasa nifuate mimi. Nililala Kikwajuni, upande wa Ng'ambo, kwa ndugu wa rafiki yangu, na kama nisingekuwa na mwenyeji ningetafuta gesti ya bei nafuu huko huko. Asubuhi chai na chapati kwa mama wa barazani. Daladala. Vocha dukani. Kinyozi. Urojo kwa dada wa Michenzani. Viatu vilikatika nikashonewa Mlandege. Shilingi zangu ni chache, na zote nilizitoa kule ambako dola inafika kwa kuchelewa. Hata CHAN ilipochezwa uwanja wa Amaan mwezi Agosti 2025, watu waliokuja na boti kuangalia mpira walikwenda wapi? Amaan iko Ng'ambo.

Hiyo ndo hoja yangu, wadau. Mgeni wa ndani ni masikini mmoja mmoja, lakini anavuka hori. Mkileta vijana wa UDOM na walimu na mafundi wa Dodoma mia tano kwa wikiendi, hela yao inaingia mifuko mia tano tofauti, mingi ikiwa ya akina mama na vijana.

MBONA VENICE WANAFUNGA MLANGO?

Kuna mtu atasema, "Dogo, unataka watu wengi zaidi, hujui Venice yamewakuta nini?" Najua, nimesoma. Tuongee.

Venice ya Italia ni mji uliojengwa juu ya visiwa vidogo 118. Hakuna gari. Mitaa yake mikuu ni mifereji, na daladala zao ni boti. Ulikuwa mji wa wafanyabiashara wa bahari kama Zanzibar, na leo umezidiwa na wageni. Mwaka 1951 mji wa kale ulikuwa na wakazi kama 175,000. Mwaka 2022 wakashuka chini ya 50,000. Nyumba zimekuwa vyumba vya wageni, maduka ya mboga yamekuwa maduka ya vinyago. Agosti 2021 wakazuia meli kubwa za watalii kupita mfereji wa mbele ya mji. Tarehe 25 Aprili 2024 wakaanza kumtoza euro 5 mgeni wa kutwa, kwa siku zenye watu wengi, na mwaka 2025 anayechelewa kujiandikisha akawa analipa 10.

Lakini angalia vizuri wanayemtoza. Anayelala mjini halipi tozo hiyo, kwa sababu ameshalipa kodi ya malazi. Mkazi wa mkoa wao halipi. Anayebanwa ni yule wa kuja, kupiga picha na kuondoka. Kwenye boti zao mgeni analipa euro 9.50 kwa safari, mwenyeji analipa sehemu ndogo tu ya hiyo. Maana yake Venice hawakuuliza "mna hela ngapi?" peke yake. Waliuliza "mnakaa vipi na sisi?"

Hilo ndilo swali la kuliiga, tozo yenyewe tuiache huko huko. Mbara akianza kulipishwa mlangoni Malindi, kesho itakuwa hoja ya Muungano, na keshokutwa hatutaongelea utalii tena. Lakini na sisi tujiangalie. Kama SGR itatuzoesha kwenda asubuhi Jumamosi na kurudi Jumapili tumebeba chupa za maji na kuziacha vichochoroni, tukipiga kelele usiku kwenye mitaa ya watu, basi tutakuwa mzigo kama wale wa Venice, na hatutakuwa na hata euro 5 ya kuwafidia.

KWA HIYO TUFANYEJE?

Kwanza, tiketi. Mimi nilikata mbili, sehemu mbili, na katikati nikaliwa. Shirika la reli na kampuni za boti wakae meza moja, pawe na tiketi moja ya Dodoma hadi Zanzibar, na treni ikichelewa boti ijue. Hitilafu zinatokea. Mtu wa Dodoma akiachwa na boti kwa kosa la treni, ile gesti ya Dar aliyoiokoa inarudi.

Pili, vibao. Kutoka stesheni mpaka boti za Zanzibar wekeni vibao vya Kiswahili na mshale. Haigharimu kitu kama reli iliyojengwa. Kibao kimoja kingeniokoa mimi, bajaji mbili na yule kijana mchangamfu.

Tatu, Ng'ambo iingie kwenye ramani. Idara ya mipango miji ya Zanzibar ilishashiriki mpango ulioitwa Ng'ambo Tuitakayo, ukitambua kwamba upande ule nao una historia, kumbi za taarabu, masoko, viwanja, majumba ya Michenzani. Wazo lipo, lisiishie kwenye vitabu. Vijana wa Ng'ambo wafundishwe kuongoza wageni kwa Kiswahili, kwa bei ya Kiswahili. Mwanafunzi wa Dodoma atalipa, ila sio dola.

Nne, tuhesabiwe. Takwimu za wageni wa nje tunazisikia kila mwezi, wangapi na kutoka nchi gani. Na wa ndani watangazwe hivyo hivyo, tena kwa mkoa. Kisichohesabiwa hakipangiwi bajeti.

Na kwetu sisi wasafiri: tukienda tulale angalau usiku mmoja, tule mitaani, tusalimie kabla ya kupiga picha. Shikamoo ni bure na inafungua milango mingi.

Kabla sijaondoka nilirudi kwa yule mzee wa kahawa kumuaga. Nikamuuliza, "Mzee, tangu maji yafukiwe, watu wa huku na wa huku si wamekuwa wamoja?" Akainyoosha kanzu, akafikiri. "Mwanangu, maji yanafukiwa kwa vifusi. Hayo mengine mnafukia nyinyi, kwa kwenda na kurudi."

Nikapanda boti, safari hii nikakaa nyuma, chini. Usiku nikawa Ipagala.

Nawasilisha. Wa Zanzibar mnikosoe kama nimekosea, wa Dodoma mseme nani mwingine alipelekwa Magogoni. Uwanja ni wenu.